Ngozi ya Kondoo Mfu: Historia ya Kutengeneza Vilivyochakaa, na Somo Lake kwa Watu wa Shinyanga na Geita

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote waliofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika safari moja ya darsa kwenye machimbo madogo ya mkoa wa Geita, imamu wa msikiti wa mabati aliniweka kando baada ya Swala ya Adhuhuri akaniuliza suala. Kijana mmoja wa jamaa amejitolea kuuletea msikiti pipa la maji ya kutawadhia. Pipa hilo zamani lilikuwa na kemikali ya kuchenjulia dhahabu. Kijana amelikata mdomo, amelisugua kwa mchanga na kulisuuza mara saba, na amelipaka rangi ya kijani. Je, maji yake yanafaa kwa udhu?

Suala hili ni dogo kwa umbo, lakini ndani yake mna mambo mawili makubwa. La kwanza ni jema: kijana hakutaka kitu kipotee bure, akafanya kazi kwa mkono wake kwa ajili ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. La pili ni hatari ambayo wengi hawaioni kwa macho. Ili tupate jibu lake barabara, hatuna budi kwanza kurejea nyuma katika historia ya Umma huu na ya nchi yetu, tuone wema waliotutangulia walivyoamiliana na vitu vilivyochakaa, kisha ndipo turudi kwenye pipa.

KATIKA NYUMBA YA MTUME (S.A.W.)

Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Jibu lake, kama alivyolipokea Imamu Ahmad na Imamu Bukhari katika Al-Adabul Mufrad, ni kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake, kama afanyavyo yeyote katika wanaume nyumbani mwao. Neno la Kiarabu lililotumika kwa kiatu ni khasf, yaani kupachika kipande juu ya kipande na kukishona pamoja. Hicho ndicho tukiitacho kutia kiraka. Mkono uliopokea Wahyi ndio uliotia kiraka, wala hakuna Swahaba aliyeona aibu kulisimulia hilo.

Kisa kingine ni cha kondoo wa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maimuna (r.a.). Kondoo huyo alitolewa sadaka kwa mama yule, kisha akafa. Mtume (s.a.w.) alipompitia akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaidabaghi, yaani wakaitengeneza, wakanufaika nayo. Wakamwambia kuwa ni mfu. Akawabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Naye Bibi Sauda (r.a.), kwa riwaya ya Bukhari, ameeleza kuwa kondoo wao alikufa, wakaidabaghi ngozi yake, wakawa wanaloweka tende ndani yake mpaka ikawa kiriba kikuukuu. Tazama, ndugu msomaji: mnyama aliyekufa, ambaye wengi wangemburura jalalani, ametoa chombo cha nyumbani kilichotumika mpaka kikachoka.

Na pazia la Bibi Aisha nalo lina somo. Lilikuwa na picha, Mtume (s.a.w.) hakupendezwa nalo, likateremshwa. Halikutupwa. Bibi Aisha alilikatakata akafanya mto au mito miwili ya kuegemea. Kitambaa kilichokuwa na kasoro mahali pa juu kilipata kazi nyingine mahali pa chini, baada ya kuondolewa ile kasoro.

Kabla ya hayo yote, katika usiku wa Hijra mwaka 622, Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.) hakuwa na kamba ya kufungia chakula cha safari. Akaupasua mshipi wake vipande viwili, akafungia. Kwa tendo hilo akaitwa Dhatun Nitaqain, mwenye mishipi miwili, na jina hilo likamganda mpaka leo.

MASWAHABA NA MAULAMAA

Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) kisa cha vita vya Dhatur Riqaa. Watu sita walikuwa wakipokezana ngamia mmoja. Miguu ikachubuka, kucha zikang'oka, wakawa wanaifunga kwa matambara. Vita vikaitwa kwa jina la matambara hayo. Na Abu Musa baada ya kukisimulia alichukia kuwa amekisema, kwa kuogopa kuonyesha amali yake.

Abubakar Siddiq (r.a.) alipokuwa katika maradhi ya mauti mwaka 13H (634) aliagiza nguo yake iliyotumika ifuliwe, iongezwe nguo mbili, akafiniwe humo. Alipoambiwa kuwa ile ni kuukuu, akaeleza kuwa aliye hai ana haki zaidi ya nguo mpya kuliko maiti. Na Anas bin Malik (r.a.) alimwona Umar (r.a.), siku hizo akiwa ndiye Amirul Muuminina, na viraka baina ya mabega yake.

Mtu mmoja aliingia kwa Bibi Aisha akamkuta anashona nguo yake iliyochanika. Akamwambia kuwa lau atatoka na kuwaeleza watu, watadhani ni ubakhili. Bibi Aisha hakutahayari. Alimfahamisha kwamba mtu asiyekubali kuvaa kilichochakaa hatakuwa na kipya. Riwaya hii imo katika Al-Adabul Mufrad. Na hii ni hesabu ya mama wa nyumbani yeyote: anayetumia kikuukuu kwa kazi za kila siku ndiye mwenye kubakiwa na kipya kwa ajili ya Idi.

Mwendo huu haukukatika kwa Maswahaba. Katika wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi yupo Abubakar Ahmad bin Amr, aliyefariki Baghdad mwaka 261H (874/875). Ndiye mwandishi wa Ahkamul Awqaf, kitabu ambacho mafakihi wanakirejea mpaka leo katika mambo ya wakfu. Watu wanamjua kwa lakabu ya Al-Khassaf, yaani mshona viatu, neno lenye asili moja na lile khasf la hadithi ya Bibi Aisha. Alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake ya viatu, ingawa alikuwa karibu na Khalifa Al-Muhtadi. Mwanafunzi anayemdharau fundi viatu wa kituo cha mabasi cha Kahama na akumbuke kuwa huenda kitabu alichonacho kwapani kimenukuu maneno ya fundi viatu.

MIKEKA YA MSIKITI NA NGUO YA AL-KAABA

Mafakihi hawakuishia kusifu tabia hii. Waliiingiza katika hukumu. Imamu Nawawi (aliyefariki 676H/1277), katika Minhajut Talibin, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vya Kishafii vya pwani yetu mpaka bara, ametaja mikeka ya msikiti ikichakaa na magogo yake yakivunjika, yasibaki kufaa ila kuchomwa moto. Kauli iliyo sahihi zaidi kwake ni kuwa inajuzu kuviuza, ingawa wapo waliokataa. Sababu iliyotajwa na washereheshaji ni kuwa visipotee bure na kubana nafasi bila faida; na thamani yake hurudi katika maslahi ya msikiti. Sasa tujiulize: ni misikiti mingapi Shinyanga yenye rundo la mikeka na mazulia yanayoozea nyuma ya mihrabu, huku watoto wa madrasa wanakaa juu ya saruji tupu?

Hata nguo ya Al-Kaaba imepita njia hiyo. Imepokewa kuwa Umar (r.a.) alikuwa akiivua kila mwaka na kuwagawia mahujaji. Ibn Hajar (aliyefariki 852H/1449) ametaja katika Fat-hul Bari habari ya mshika ufunguo wa Al-Kaaba, Shaiba bin Uthman, aliyemweleza Bibi Aisha kuwa nguo zilipokuwa nyingi walizichimbia shimo wakazizika, ili zisivaliwe na wasio tohara. Bibi Aisha hakuliafiki hilo. Aliona ziuzwe, na fedha yake itolewe kwa masikini na katika njia ya Mwenyezi Mungu, kwa kuwa zikishavuliwa hazina tena hukumu ya mwanzo. Baadhi ya sanadi za habari hii zina udhaifu, lakini wanazuoni waliitolea dalili. Ikiwa nguo ya Al-Kaaba haizikwi, vipi kuhusu shuka la kitandani?

NGUO ILIVYOFIKA USUKUMA NA UNYAMWEZI

Tuje kwetu. Kabla ya nguo za kigeni kuenea, watu wa bara letu walijistiri kwa ngozi na magome ya miti yaliyopondwa, na Unyamwezi palikuwa na mafundi waliofuma pamba kwa mkono. Kisha ikaja biashara ya misafara. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, meli za Salem zilileta Zanzibar kitambaa cheupe kigumu cha pamba, watu wakakiita merikani. Kikapanda mabegani mwa wapagazi mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka nchi za Ziwa. Njia hiyo ndiyo iliyopitisha pia Uislamu, misahafu na walimu wa chuo.

Wakati huo nguo ilikuwa ni fedha. Ilihesabiwa kwa dhiraa, shuka, doti na jora. Kwa nguo mtu alilipa hongo ya njia, ujira na chakula. Mzigo wa nguo uliofungwa kwa ajili ya mpagazi uliitwa mtumba. Neno lile lile leo tunaliita kwa robota la nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani. Jina limebaki, hali imegeuka: mtumba wa babu zetu ulikuwa nguo mpya yenye thamani ya fedha, na mtumba wa leo ni nguo iliyokwisha kuvuliwa na mwingine.

Kitu kilichokuwa na thamani hiyo hakikutupwa. Na wanawake wa pwani walionyesha hekima ya mkono katika karne ya 19. Walinunua vitambaa vya leso, vile vilivyokuja kama vya mkononi, wakavishona vitatu kwa viwili vikawa nguo moja pana ya kujistiri. Katika mshono huo ndipo inapohadithiwa asili ya leso na kanga, ambazo leo hakuna mama wa Kiislamu kuanzia Lamu mpaka Kahama asiyekuwa nazo.

Baadaye Usukuma ukawa nchi ya pamba. Wakulima walijiunga katika ushirika, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika shirikisho lililojulikana kwa jina la Victoria Federation, akiongoza Paul Bomani. Baada ya Uhuru vilijengwa viwanda vya nguo, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya pamba yetu iliendelea kuuzwa nje ikiwa ghafi. Pamba ikaondoka Shinyanga ikiwa nyeupe, na baada ya miaka ikarudi mnadani ikiwa shati lenye jina la mtu wa mbali.

MIAKA YA DHIKI

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika Tanzania nzima. Sabuni, sukari na nguo vilipangiwa foleni. Mwandishi wa makala haya alikuwa mtoto wa chuo mkoani Shinyanga katika miaka hiyo. Ukosi wa kanzu ukilika, mama aliufumua akaugeuza, ule upande wa ndani ukawa wa nje. Kanzu ya baba ikichoka ilikatwa ikawa yangu. Yangu ikichoka ikawa ya mdogo wangu. Yake ikichoka ikawa kitambaa cha kufutia ubao. Ubao wenyewe ulikuwa mbao za sanduku la majani ya chai. Mifuko ya kitambaa iliyokuja na unga ilifuliwa ikawa mito. Taa ya kudurusia ilikuwa koroboi ya kopo, na miguuni tulivaa katambuga za tairi la gari. Mwalimu wetu hakuwa na maneno mengi juu ya jambo hili. Siku mwenzetu mmoja alipochekwa kwa kiraka, mwalimu aliinua joho lake akatuonyesha kiraka chake, akaendelea na somo.

Serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa kuanzia mwaka 1984 na 1985, mitumba iliingia kwa wingi. Dhiki ya nguo ikaondoka, na hiyo ni neema. Lakini kwa urahisi huo mkono nao ulilegea. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019; Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara, na nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, zikarudi nyuma. Mitumba ingali nasi.

Ufundi nao, alhamdulillahi, haujafa. Katika masoko ya Shinyanga na Kahama utawakuta mafundi cherehani wanaopunguza suruali za mitumba na kuzigeuza sare za shule. Utawakuta kina mama wanaofumua nyuzi za viroba na kufuma mazulia, wanaounga vipande vya vitenge wakapata mashuka, na wanaojaza mito kwa matambara. Mafundi bati wanageuza mapipa na mabati kuwa majiko, makarai na masanduku. Katambuga bado zinawavusha wafugaji katika mbuga zenye miiba. Wajane wangapi wanasomesha mayatima kwa sindano hiyo!

HUKUMU YA NGUO ZA MITUMBA

Wanaulizwa sana maimamu: je, inafaa kuswali na nguo ya mtumba ambayo haijulikani aliyeivaa? Asili ya vitu ni tohara, na yakini haiondoki kwa shaka. Hii ni kanuni mashuhuri kwa mafakihi. Mughira bin Shu'ba (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) katika safari ya Tabuk, mwaka 9H, alikuwa amevaa juba la Sham lenye mikono myembamba, hata ikambidi atoe mikono yake kwa chini ili atawadhe. Sham siku hizo ilikuwa chini ya Warumi. Basi nguo ya mtumba ni tohara mpaka ionekane najisi, na kuifua ni bora kwa usafi na siha. Kinachotakiwa kuangaliwa ni hariri kwa wanaume, misalaba, picha na maandishi machafu ambayo mvaaji hayajui maana yake. Hapo fundi anaingia: huondoa, hufunika, hukata, kama Bibi Aisha alivyolifanya pazia.

Wala isidhaniwe kuwa tunausifu uchakavu kwa ajili ya uchakavu. Mtume (s.a.w.) alimwona mtu mwenye mali amevaa nguo duni, akamtaka athari ya neema ya Mwenyezi Mungu ionekane kwake, hadithi hii wameipokea Abu Daud na Nasai. Katika Suratul Furqan (25:67) waja wema wamesifiwa kwa kuwa katikati, baina ya ufujaji na ubakhili. Na katika Suratul Baqara (2:267) tumekatazwa kukusudia kibaya ndio tukitoe sadaka. Mwenye kutaka kumpa yatima nguo kuukuu, basi aifue, aishone, atie vifungo, kisha ampe.

NCHI YA DHAHABU

Sasa turudi Geita. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Uchimbaji mdogo ulipanuka baada ya biashara kulegezwa miaka ya 1980, mgodi mkubwa wa kisasa ukaanza mwaka 2000, Geita ikawa mkoa mwaka 2012, na mwaka 2019 likafunguliwa soko la dhahabu mjini hapo. Maelfu ya vijana wetu wanaishi kwa duara na karasha, katika vijiji kama Nyarugusu na Rwamgasa.

Katika mialo ya kuoshea, vitu vikuukuu vina kazi kubwa. Mchanga uliosagwa hupitishwa kwa maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa magunia, mazulia au mablanketi machakavu, ili chembe za dhahabu zinase. Kisha mchanga ule huchanganywa na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hushikamana na dhahabu. Mchimbaji huimimina katika kitambaa, aghalabu kipande cha shati au kanga kuukuu, akakikamua mpaka zebaki iliyozidi itoke na donge libaki. Donge hilo huchomwa moto, zebaki inaruka mvuke, dhahabu inabaki.

Mvuke huo ni sumu. Hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni huathirika zaidi. Katika miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa uliwapima watu wa Rwamgasa, na miongoni mwa wachomaji wa zebaki walipatikana wenye dalili za kudhurika. Zebaki ikifika majini, vijidudu huigeuza sumu kali zaidi inayoingia katika samaki, na Geita ni jirani wa Ziwa. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020.

Na kile kitambaa je? Hapa ndipo penye msiba. Nimekiona kwa macho yangu kimefuliwa na kuanikwa pamoja na nepi za mtoto. Mama mwenye nyumba hakufanya israfu. Alifuata mazoea mema ya bibi yake ya kutotupa tambara. Lakini tambara hili si lile la bibi yake.

DABGH YA KILA KITU

Ndugu msomaji, rejea kwenye ngozi ya kondoo mfu. Mtume (s.a.w.) aliwahimiza kunufaika nayo, lakini baada ya dabgh. Mafakihi wa Kishafii wakaeleza dabgh ni nini: ni kuondoa mabaki ya nyama, damu na unyevu yanayoiozesha ngozi, kwa kitu kikali, hata ikitiwa majini tena isirejee kunuka. Kuianika juani tu hakutoshi. Kisha wakasema ngozi ya mbwa na ya nguruwe hazitohariki hata zikidabaghiwa. Kwa hiyo sheria imegawa vilivyochakaa mafungu matatu: kinachotumika kama kilivyo, kinachotumika baada ya kutengenezwa, na kisichotumika hata kikitengenezwa. Nguo ya mtumba ni fungu la kwanza au la pili. Kitambaa cha zebaki na pipa la kemikali tunavilinganisha na fungu la tatu. Si kwa kuwa ni najisi kama nguruwe, bali kwa kuwa kwa sabuni yetu na mchanga wetu hatuna dabgh ya kuiondoa madhara yake.

Atasema msemaji: maji ya pipa hayakubadilika rangi, harufu wala ladha, basi ni maji mutlaq na udhu unasihi. Tunamjibu kuwa tohara ni suala moja na madhara ni suala jingine. Mafakihi wetu wameitaja sumu isiyokuwa najisi, ikawa ni tohara lakini ni haramu kuitumia kwa namna inayodhuru. Na Imamu Shafii (aliyefariki 204H/820) alikwisha kutufungulia mlango huu. Katika Al-Umm amesema kuwa hakirihishi maji yaliyopashwa na jua ila kwa upande wa tiba. Wafuasi wake wakafafanua kuwa ni katika nchi za joto, na katika vyombo vya madini yanayofuliwa kwa nyundo kama shaba na chuma, kwa kuchelea kitu kinachobanduka kwenye chombo na kuudhuru mwili. Imamu Nawawi mwenyewe hakuona dalili ya kutosha juu ya karaha ile, lakini mlango umebaki wazi: chombo kinaweza kuzuiwa kwa ushahidi wa tiba, ingawa maji yake ni tohara. Iwapo walihofia kutu ya birika, wangesemaje juu ya pipa la sumu lililokaa juani Geita mchana kutwa? Na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana, iliyotoka katika hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.), ndiyo mwamuzi.

Basi nilimjibu imamu yule hivi. Swala zilizokwisha kuswaliwa kwa maji tohara ni sahihi, wala hazirudiwi. Pipa lisitumike, wala lisiuzwe kwa mwingine, kwani huko ni kuhamisha madhara. Litobolewe, libondwe, likabidhiwe kwa wenye dhamana ya kemikali, maana utaratibu wa usalama wa kemikali hizo unataka vyombo vyake visirudi kutumika kwa maji wala chakula. Na kijana asikemewe mbele za watu. Ashukuriwe kwa nia yake, kisha afundishwe. Alinyamaza kidogo, akasema kuwa pipa jingine kama hilo liko nyumbani kwake, wanapikia. Tukaondoka pamoja kwenda kuliona.

WAJIBU WETU

Maimamu na walimu wa madrasa katika ukanda huu wana kazi iliyo wazi. Wahuishe sunna ya sindano na kiraka, watoto wa kiume na wa kike wajue kushona kifungo kabla ya kuhitimu Juzuu Amma. Mikeka na mazulia ya msikiti yaliyochakaa yaangaliwe na kamati, yatengenezwe au yauzwe kwa maslahi ya msikiti. Fundi viatu na mama anayefuma viroba wapewe heshima yao, wala wasipunjwe ujira. Na katika khutba za machimboni lisemwe bila kificho: kitambaa cha zebaki kisivuke mlango wa nyumba, kibaki mwaloni katika chombo chenye kifuniko, nguo za kazini zisifuliwe pamoja na za watoto, donge lisichomwe jikoni wala karibu na mama mjamzito, pipa usilolijua lilibeba nini lisitiwe maji.

Katika Suratun Nahl (16:80) Mwenyezi Mungu ametutajia neema ya ngozi, sufi na manyoya, tupate vyombo na starehe kwa muda. Muda huo ukiisha, kabla mtu hajashika sindano au nyundo, ajiulize kama alivyouliza Mtume (s.a.w.) juu ya ngozi: je, hatunufaiki nacho? Kisha aongeze: dabgh yake ni ipi? Asipoipata, akiache.

Wallahu a'lam. Wa billahi taufiq.